Malezi ya vifaranga: Mtaji hupona au hufa ndani ya bruda

MFUGAJI anayeanza na vifaranga 100 wa siku moja anakuwa ameweka mtaji wake wote ndani ya boksi moja la karatasi ngumu. Boksi hilo, ambalo kwa kawaida huwa na vyumba vinne vya vifaranga 25 kila kimoja, anaweza kulibeba mwenyewe kutoka stendi ya mabasi ya Nyegezi hadi nyumbani kwake Buhongwa, Igoma au Buswelu. Kinachotokea ndani ya wiki tatu zinazofuata ndicho kinachoamua kama mtaji huo utazaa au utaishia shimoni.

Wafugaji wengi wapya mkoani Mwanza hupoteza vifaranga katika kipindi hicho, na mara nyingi lawama hupelekwa kwa muuza vifaranga, kwa ugonjwa au kwa bahati mbaya. Magonjwa yapo, na vifaranga dhaifu nao wapo. Hata hivyo, sehemu kubwa ya vifo vya siku za mwanzo hutokana na mahali walipowekwa: baridi ya usiku wa manane, pembe ya chumba, sakafu yenye unyevu, sahani ya maji au panya.

Hesabu yake ni rahisi. Mfugaji akinunua vifaranga 100 na 20 wakafa, gharama ya kununua wote 100 inabebwa na 80 waliobaki. Maana yake ni kwamba kila kifaranga aliyepona amepanda bei kwa robo nzima, kabla hata hajala mfuko wa kwanza wa chakula. Kwa mfugaji mdogo, ambaye faida yake kwa kila kuku ni ndogo, robo hiyo ndiyo iliyokuwa faida yenyewe.

Kwa sababu hiyo, wataalamu wa mifugo hushauri kwamba chumba cha kulelea vifaranga, ambacho wafugaji wengi hukiita bruda, kitengenezwe, kipashwe joto na kujaribiwa siku moja kabla vifaranga hawajafika. Si busara kuanza kutafuta mkaa na maranda wakati boksi limeshatua uani.

Kwa nini joto?

Kifaranga wa siku moja ana manyoya laini tu. Mabawa na manyoya halisi yatakayomkinga na baridi huchukua wiki kadhaa kuota, na katika siku hizo mwili wake hauwezi kujitengenezea joto la kutosha. Kuku mama hulimaliza tatizo hilo kwa kuwafunika wanawe. Vifaranga waliototoleshwa kwa mashine hawana mama, hivyo mfugaji ndiye mama.

Anayetaka kuelewa jinsi joto linavyotakiwa kutolewa anaweza kuwaangalia mijusi wenye vichwa vyekundu na miili ya buluu wanaojaa juu ya mawe ya Mwanza. Asubuhi mjusi huyo hupanda juu ya jiwe kuota jua. Akishapata moto wa kutosha huteremka kwenye ufa wenye kivuli, na baadaye hurudi tena juani. Hata watu wa Ulaya na Marekani wanaofuga mijusi ndani ya masanduku ya vioo huweka taa ya joto upande mmoja tu, ili mnyama achague mwenyewe pa kukaa.

Vifaranga nao wanahitaji uchaguzi huohuo. Bruda nzuri si ile iliyo na joto sawa kila mahali. Ni ile yenye sehemu ya moto, sehemu ya vuguvugu na sehemu ya kupumulia, na nafasi ya kutosha ya kutembea kutoka moja hadi nyingine. Mfugaji anayepasha chumba kizima kama tanuri anawanyima njia ya kukimbia, na vifaranga hufa kwa joto kama wanavyokufa kwa baridi.

Viwango vinavyotumika kwa kawaida ni nyuzi joto 32 hadi 35 za Selsiasi katika wiki ya kwanza, zikipimwa karibu na chanzo cha joto, usawa wa mgongo wa kifaranga. Kisha joto hupunguzwa kwa nyuzi kama tatu kila wiki hadi kufikia takriban nyuzi 21 katika wiki ya tano.

Mwanza ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mchana joto hufika nyuzi 27 au 28, lakini usiku huweza kushuka hadi 17 au 18. Kwa hiyo, ifikapo wiki ya tatu, mchana wa jua jiko linaweza kuzimwa kabisa, lakini usiku bado linahitajika. Wafugaji wengi hudanganywa na mchana. Huona vifaranga wanachakura kwa furaha saa tisa alasiri, hulala bila kuwasha jiko, na asubuhi hukuta rundo la maiti ukutani.

Mahali pa kuweka bruda

Chumba kinachofaa ni kile kisichopitisha upepo chini, usawa wa vifaranga, lakini chenye madirisha au matundu ya kutolea hewa chafu juu. Wafugaji wengine huogopa baridi mno hata wakaziba kila upenyo kwa maturubai. Harufu kali ya mkojo inayowasha macho ya mtu anapoingia ni dalili kwamba hewa imekwisha kuharibika, na vifaranga wanaivuta usiku na mchana.

Kwa wanaojenga banda jipya, urefu wa jengo uelekee mashariki na magharibi ili jua lisipige ndani moja kwa moja asubuhi na jioni. Wanaoishi kwenye miteremko yenye mawe wakumbuke kwamba mawe hutunza joto la mchana, hivyo chumba kilichobanwa na miamba huweza kuwa moto kupita kiasi hadi jioni.

Wanaoishi karibu na ziwa wana tahadhari nyingine mbili. Kwanza, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Pili, maji ya Ziwa Victoria hupanda. Mwaka 2020 yalifika kiwango kikubwa ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miongo mingi, na mwaka 2024 yalipanda tena. Banda lililo bondeni, hata kama halijafikiwa na maji, huwa na sakafu yenye unyevu, na unyevu ni rafiki wa magonjwa. Sakafu iinuliwe juu ya ardhi ya nje, na ikiwezekana iwe ya saruji.

Duara, si pembe

Vifaranga wanapoona baridi au wanaposhtuka hukimbilia pembeni na kupandana. Walio chini hukosa hewa na kufa. Ndiyo maana bruda hutengenezwa kwa umbo la duara, hata kama chumba chenyewe kina pembe nne.

Kwa vifaranga 100, duara lenye upana wa mita mbili kutoka upande mmoja hadi mwingine linatosha kwa wiki ya kwanza. Mzunguko wake ni kama mita 6.3. Karatasi ya hadibodi ya futi nane kwa nne ikipasuliwa katikati kwa urefu hutoa vipande viwili vyenye kimo cha sentimita 60. Vipande vitatu vikiunganishwa hutoa duara zima na ziada kidogo ya kupishanisha. Asiyeweza kununua hadibodi anaweza kutumia jamvi, mkeka mgumu au maboksi, mradi yasianguke na yasikae karibu na moto.

Faida ya kupishanisha ncha bila kuzipigilia misumari ni kwamba duara linaweza kupanuliwa. Vifaranga hukua haraka, na duara lililotosha siku ya kwanza huwa dogo siku ya kumi. Mfugaji aongeze nafasi kila baada ya siku chache, ili ifikapo wiki ya nne vifaranga 100 wawe na mita za mraba zisizopungua nane hadi kumi. Wakibanwa, huanza kudonoana.

Sakafuni hutandazwa maranda ya mbao au pumba za mpunga zilizokauka vizuri, kimo cha sentimita tano hadi kumi. Vumbi la msumeno halifai, kwa kuwa vifaranga hulila wakidhani ni chakula, nalo huwaziba pumzi. Kwa siku mbili tatu za mwanzo, juu ya maranda hutandikwa magazeti ili vifaranga wajifunze kutofautisha chakula na takataka. Karatasi nyororo za kung'aa zisitumike, kwani kifaranga huteleza, miguu ikatanuka na akabaki kilema.

Jiko, taa au kinengunengu

Jiko la mkaa ndilo linalotumiwa na wafugaji wengi wadogo. Ni rahisi kupatikana, lakini ndilo lenye hatari zaidi. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Gesi hiyo huua vifaranga, na huua pia mtu anayelala humo kuwalinda. Jiko liwashwe nje hadi moshi uishe na mkaa ushike wekundu, ndipo liingizwe, na matundu ya juu ya chumba yaachwe wazi. Mtu asilale chumba kimoja na jiko hilo kwa hali yoyote.

Jiko likae juu ya matofali, mbali na pumba kavu, na lizungushiwe wavu au bati ili kifaranga asiliguse. Wengine hulifunika kwa chungu kikubwa kilichotobolewa, ambacho hupokea moto na kuutoa polepole. Mkaa hauwezi kudumu usiku kucha bila kuangaliwa, hivyo mfugaji apange ratiba ya kuamka kuuongeza. Saa za hatari zaidi ni kuanzia saa tisa usiku hadi alfajiri.

Penye umeme, balbu ya joto ya wati 250 hutosha takriban vifaranga 75 hadi 100. Hupachikwa kama sentimita 45 juu ya maranda na huinuliwa kadiri vifaranga wanavyokua. Ining'inizwe kwa mnyororo au waya imara, si kwa waya wake wa umeme, kwa sababu ikianguka kwenye maranda huwasha moto. Balbu za kubana matumizi zilizoenea siku hizi hazifai kazi hii, kwani hutoa mwanga na joto kidogo mno.

Anayetegemea umeme awe na jiko na mkaa mkavu pembeni. Mgawo mkali wa umeme wa mwaka 2006, na ule uliorudi mwishoni mwa mwaka 2023, uliwakumbusha wafugaji kwamba kifaranga hasubiri umeme urudi.

Kwa vifaranga wachache, hasa wa kienyeji, kuna kinengunengu. Hili ni boksi la mbao ambalo kuta zake zimejazwa nyasi kavu, na juu hufunikwa kwa gunia lenye kupitisha hewa. Usiku vifaranga huingia humo na kupashana joto kwa miili yao wenyewe. Halihitaji mkaa wala umeme, lakini halifai kwa vifaranga wa siku moja waliochoka safari wakati wa baridi, na wala lisijazwe kupita kiasi.

Vifaranga husema

Kipimajoto ni kifaa kizuri, lakini mfugaji asiye nacho bado anaweza kujua hali ya bruda kwa kuwatazama vifaranga bila kuwashtua.

Wakijikusanya chini ya taa au kuzunguka jiko huku wakilia kwa sauti kali, wanaona baridi. Wakikimbilia ukingoni mbali na moto, wakitanua mabawa na kuhema midomo wazi, wamezidiwa na joto. Wakijikusanya upande mmoja wa duara, upo upepo unaopenya upande wa pili. Wakitawanyika sawasawa, wengine wakila, wengine wamelala na sauti zao zikiwa za chini, bruda iko sawa.

Njia nyingine ni kuweka miguu ya kifaranga shavuni. Miguu ikiwa ya baridi, sakafu ina baridi, hata kama hewa ya chumba ina joto. Jioni ya siku ya kwanza, mfugaji aguse pia gole, yaani kifuko cha chakula kilicho chini ya shingo. Likiwa limejaa na laini, kifaranga amekula na kunywa. Likiwa tupu kwa vifaranga wengi, kuna kasoro katika joto, mwanga au mpangilio wa vyombo.

Maji na chakula

Kifaranga anayeanguliwa hubaki na akiba ya kiini cha yai tumboni inayoweza kumfikisha siku mbili hadi tatu. Akiba hiyo ndiyo inayowezesha vifaranga kusafirishwa kwa basi kutoka Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 1,100, au kuvushwa kwa kivuko hadi Ukerewe. Lakini wanafika wakiwa na kiu. Jambo la kwanza ni maji safi ya vuguvugu yenye glukosi au sukari kidogo. Wachache washikwe na kuchovywa midomo, na wengine watawaiga. Chakula kifuate baada ya hapo.

Vyombo vya maji viwe vyembamba, vya aina inayoruhusu mdomo tu kuingia. Anayetumia sahani za nyumbani aweke kokoto safi ndani yake, kwa sababu kifaranga huweza kuzama kwenye maji ya kina cha vidole viwili. Vyombo visiwekwe chini ya taa kabisa, wala visiwe mbali kiasi cha kumlazimu kifaranga kuchagua kati ya kunywa na kuota moto. Viinuliwe kidogo kwa ubao ili maranda yasiingie, na maranda yaliyolowa yaondolewe kila siku. Kuhara damu, ugonjwa unaoua vifaranga wengi kuanzia wiki ya tatu, hustawi kwenye maranda yenye unyevu.

Kanda ya Ziwa ina utajiri wa malighafi za chakula, lakini si zote zinamfaa kifaranga. Dagaa wanaouzwa Mwaloni, Kirumba, ni chanzo kizuri cha protini, ila wawe wamekauka, hawana ukungu na hawajachanganywa na mchanga. Mashudu ya pamba yana sumu iitwayo gosipoli, hivyo vifaranga wasipewe. Mahindi yenye ukungu huweza kuwa na sumukuvu, ambayo huharibu ini. Kwa wiki za mwanzo, anayeanza afadhali anunue chakula maalumu cha vifaranga kuliko kubahatisha mchanganyiko.

Maadui wa usiku

Panya mmoja anaweza kubeba vifaranga kadhaa kwa usiku mmoja. Wavu wa kawaida wa kuku una matundu makubwa na haumzuii. Madirisha na matundu ya hewa yafunikwe kwa wavu wenye matundu yasiyozidi nusu inchi, na sehemu ya chini ya mlango izibwe. Wavu huohuo huwazuia pia nyoka, paka na kenge, ambaye ni mwenyeji wa mwambao wote wa ziwa na ni mpenzi mkubwa wa mayai na vifaranga.

Adui anayesahauliwa ni siafu. Msafara wake ukiingia usiku huweza kumaliza bruda nzima. Nyasi zifyekwe kuzunguka banda, na majivu yamwagwe kuzunguka ukuta, hasa wakati wa mvua.

Mlangoni kuwe na beseni la maji yenye dawa ya kukanyaga, na viatu vya banda visivyotoka nje. Mgeni anayetoka kuangalia kuku wa jirani asiingie.

Chanjo

Bruda bora haiwezi kuchukua nafasi ya chanjo. Utaratibu unaotumiwa sana nchini ni chanjo ya mdondo, ambao wengine huuita kideri, siku ya saba, gumboro siku ya 14, mdondo tena siku ya 21 na gumboro tena siku ya 28. Ofisa mifugo anaweza kuubadilisha kulingana na hali ya eneo.

Kosa la kawaida mjini Mwanza ni kuchanganya chanjo na maji ya bomba, ambayo huwa yametiwa klorini. Klorini huua chanjo. Yatumike maji safi yasiyo na dawa, vifaranga wanyimwe maji kwa saa moja au mbili ili wawe na kiu, na chanjo iishe ndani ya saa mbili. Chanjo isafirishwe ndani ya barafu kutoka dukani.

Wauzaji wadogo wanaoleta vifaranga kutoka nje ya nchi nao wajihadhari. Mwaka 2017 vifaranga 6,400 walioingizwa kupitia Namanga wakitokea Kenya waliteketezwa na serikali kwa kuingizwa kinyume cha taratibu. Kabla ya kuagiza, ni vema kuuliza ofisi ya mifugo ya wilaya kuhusu vibali.

Daftari

Mfugaji aanze na daftari siku hiyohiyo boksi linapofunguliwa. Aandike idadi waliofika, waliokufa kila siku, chakula kilicholiwa, chanjo na hali ya hewa ya usiku. Wakifa watano siku ya tatu, daftari litamwambia kama usiku huo mvua ilinyesha na mkaa ukazimika, au kama vifaranga walifika wakiwa dhaifu. Safari ijayo atajua pa kurekebisha.

Asiye na uzoefu aanze na vifaranga 50 badala ya 300. Duara la hadibodi, debe chache za pumba za mpunga, wavu wa nusu inchi na gunia la mkaa mkavu ni gharama ndogo ukilinganisha na thamani ya kundi zima. Vyote vikishakuwa tayari na bruda ikishapata moto, ndipo aende stendi kuchukua boksi lake.